Kanzu ya Yusufu

Habari za Yusufu twazijua katika kitabu cha Mwanzo. Kurani nayo imezisimulia katika sura moja, ya 12, yenye aya 111. Tazameni kanzu tu. Katika Mwanzo, Yakobo aliiona damu, akasadiki kwamba mwanawe ameraruliwa na mnyama. Katika Kurani hakuwasadiki wanawe hata kidogo; alisubiri, akitumaini. Aliyefiwa na mtoto aijua tofauti hiyo. Kwa mke wa Potifa, nguo iliyoachwa mkononi ilimshtaki Yusufu. Katika Kurani kanzu iliyoraruka nyuma ilimtetea, ingawa alifungwa vilevile. Na kanzu ya mwisho haimo katika Mwanzo: ililetwa kutoka Misri, akawekewa usoni baba aliyepofuka kwa huzuni, akaona.