Mama wa Kwenye Dashibodi

Katika gereji ya baba yangu, kila asubuhi kuna mwanamke wa Kijapani anayesema. Fundi akizungusha ufunguo, kabla injini haijatulia, sauti inatoka chini ya dashibodi: sentensi moja, ya adabu, isiyobadilika. Kama umewahi kupanda teksi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, bila shaka umemsikia. Baba alimzoea hadi akawa anamjibu. "Marahaba, mama," anasema, kisha anaendelea kusikiliza injini. Sisi watoto tuliamini kweli ni salamu. Nilikuwa mtu mzima nilipopata mtu wa kunitafsiria. Mama wa watu anasema kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini, mfumo ulioanza huko mwaka 2001. Gari lilivuka bahari, likalipiwa ushuru, likapewa namba za Tanzania, na yeye bado anadai kadi.

Mwaka juzi mdogo wangu, ambaye ndiye anayeendesha gereji sasa, alinipigia simu. Mwenye kiwanja anataka mkataba mpya wa miaka 5 na kodi imepanda. "Dada, wewe ndiye unayesoma mambo ya dunia," akasema. "Miaka mitano ijayo, haya magari ya kutengeneza yatakuwepo?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikua nikiandika daftari la madeni la gereji ile, basi. Plagi na pampu nilizijua kwa bei tu. Nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma kuhusu betri, lakini nilijikuta nasoma zaidi kuhusu sheria. Nilipompelekea baba maswali yangu, nikagundua kwamba alikuwa ameishi mambo hayo yote bila kuyaita historia.

Baba alijifunza ufundi miaka ya 1970 katika karakana ya serikali. Siku hizo ungesimama kando ya barabara ukatazama magari yanayopita, ungejua nchi ina urafiki na nani. Land Rover ilibaki kwetu baada ya Mwingereza kuondoka. Scania zilitoka kwa Wasweden, zikaunganishwa Kibaha katika kiwanda cha TAMCO. Mabasi marefu ya UDA yaliyojikunja katikati, ambayo watu wa Dar waliyaita kumbakumba, yalikuwa Ikarus kutoka Hungaria. Baba hakuwahi kuchagua gari la kujifunzia. Alifundishwa lililoletwa na siasa ya wakati ule, na spana zake zilikuwa za vipimo vya nchi tatu tofauti.

Halafu fedha za kigeni zikaisha. Ilikuja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Baba anaikumbuka marufuku hiyo kwa upendo, kwa sababu Jumapili hakuna aliyemgongea mlango. Siku nyingine sita alikata gasketi kwa boksi gumu na bushi kwa tairi kuukuu. Spea hazikuwepo. Anasema fundi wa wakati ule hakutengeneza gari, alilibembeleza.

Mambo mawili yalibadilisha kila kitu, na yote mawili yalitoka ofisini. Mwaka 1983 serikali ilikubali mabasi ya watu binafsi yabebe abiria Dar es Salaam, ndipo zikazaliwa daladala. Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaja Rais Mwinyi na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Pikapu zikaanza kushuka bandarini, nyingine kupitia Dubai. Zikafungwa mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti, na gari hilo likaitwa chai maharage. Baba aliacha karakana ya serikali akaenda Gerezani kujitegemea.

Hapa ndipo Japani inapoingia, na nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi.

Tumezoea kusema Wajapani wanauza magari yao mapema kwa sababu ni matajiri. Kuna ukweli kiasi, lakini nyuma yake kuna ukaguzi unaoitwa shaken. Gari jipya la familia hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi huja na bima ya lazima, kodi ya uzito na gharama za kurekebisha kasoro. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya kila mwaka inaongezwa. Kwa hiyo Mjapani mwenye Corolla nzima kabisa anakaa mezani na karatasi, anapiga hesabu, anaona heri aiuze kabla tarehe ya ukaguzi haijafika. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama wa barabara zao, na ambayo viwanda vyao vya magari havikuwa na sababu ya kuichukia, ndiyo iliyomletea mwalimu wa Mbagala gari.

Halafu kuna bahati ya usukani. Wajapani wanapita kushoto kwa sababu zao wenyewe. Sisi tunapita kushoto kwa sababu ya Mwingereza. Wangekuwa wanapita kulia, sijui Dar ingekuwa na magari gani. Ingawa bei ina nguvu kuliko usukani: nenda Bujumbura, wanapita kulia, na bado mitaa imejaa Toyota zenye usukani wa kulia zilizopitia bandari yetu. Dereva akitaka kulipita lori anamuuliza abiria wa mbele kama njia ni nyeupe.

Hata redio ilikuja na sheria zake. Japani ilipanga FM yake kuanzia megahezi 76 hadi 90, sisi tuko 88 hadi 108. Ndiyo maana ukinunua gari lililoshuka jana unapata stesheni moja au mbili tu na mikwaruzo, mpaka uende Kariakoo ukafungiwe kidude cha kubadilisha masafa. Nilifunga hesabu za vidude hivyo kwenye daftari letu kwa miaka mingi. Vilitusomesha.

Na huku kwetu nako kulikuwa na kalamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa gari linaloingia kutoka nje, juu yake kukaja VAT na ushuru wa bidhaa. Kenya ikakataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania ikalikubali, ila ikalitoza ushuru wa uchakavu. Ukivuka Namanga kwa miguu unaweza kuuona mstari huo kwa macho, umri wa magari unabadilika pale pale getini.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani hatukujaribu kutengeneza la kwetu? Tulijaribu. Kule Kibaha kuna Shirika la Nyumbu, lililoundwa mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi, na lori lake liliitwa hivyo hivyo, Nyumbu. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa baya na la polepole. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani, gari tano, na hazikufika sokoni. Wapo wanaozicheka. Mimi, baada ya kusoma habari za shaken, sicheki tena. Mhandisi wa Nairobi hakuwa akishindana na gari jipya la Toyota. Alikuwa akishindana na gari ambalo sehemu kubwa ya bei yake ilishalipwa na Mjapani aliyelitumia kwanza, na ambalo bandari zetu zilikuwa zimeanza kulifungulia mlango katika miaka hiyo hiyo. Hakuna kiwanda kichanga kinachoweza kushindana na kitu hicho.

Niliposoma mpaka hapo, swali la mdogo wangu likageuka. Ilibidi nijue Tokyo, Brussels, Beijing na Addis Ababa wanaandika nini, maana ndiko yanakoamuliwa magari ya Gerezani.

Na wanaandika. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018 magari milioni 14 yaliyotumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kumaliza uuzaji wa magari mapya ya petroli na dizeli ifikapo 2035, na tangu hapo viwanda vyake vinashinikiza ilegezwe. Japani nayo iliweka lengo la 2035, lakini kwa werevu ikaihesabu haibridi kuwa gari la umeme. Mwaka huo huo wa 2023 China iliuza nje magari karibu milioni 4.9, Japani milioni 4.4, na kiti cha mbele kikabadilisha mwenyewe. Marekani ikajibu mwaka 2024 kwa ushuru wa asilimia 100 dhidi ya magari ya umeme ya Kichina. Ulaya ikaweka wa kwake, mdogo kidogo. Gari linalofungiwa mlango huko lazima litafute mlango mwingine.

Nchi iliyonikosesha usingizi ni Ethiopia. Januari 2024 ilitangaza kuzuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Haikufanya hivyo kwa kupenda hewa safi tu. Dola za kununulia mafuta zilikuwa zinaimaliza, na umeme wa maji inao. Nikawaza: sisi hatuna dola nyingi, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Hesabu iliyofanywa Addis Ababa inaweza kufanywa Dodoma, siku moja ya bajeti, mwezi wa sita. Baba ameshaona bajeti moja ikimbadilishia kazi. Mdogo wangu anaweza kuiona ya kwake.

Nilikwenda Gerezani kumweleza. Nilikuta haibridi, Prius ya dada mmoja muuguzi, imewaka taa nyekundu na haina nguvu. Baba alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, mikono mgongoni. Mtu huyu nimemwona akitambua injini inayomisi kwa kusikia tu, gari likiwa bado barabarani halijaingia. Kabureta zilipoanza kupotea aliteseka mwaka mzima, akarudisha magari ya watu bila kuyagusa, mpaka akajifunza upya kwa vijana aliowafundisha mwenyewe. Safari hii alisema hapana.

"Umeme wa kuua hauna sauti," alisema.

Mdogo wangu alivaa glovu nene, akachomoa plagi ya usalama nyuma ya gari, akasubiri dakika kumi kwa saa. Kisha akafuata nyaya za rangi ya chungwa mpaka kwenye betri. Ndani yake kulikuwa na vipande 28, kila kimoja zaidi kidogo ya volti 7. Ukivijumlisha vinavuka 200. Alipima kimoja kimoja na kuandika kwa chaki sakafuni. Viwili vilikuwa vimekufa. Vya kubadilishia alivitoa kwenye Prius iliyopata ajali, iliyokuwa inatumika kama kiti cha wateja tangu mwaka uliopita. Kazi yenyewe, nikaona, ilifanana na ile ya kukata bushi kwa tairi: kuchukua kilichotupwa na wengine ukakipa miaka mitatu mingine. Sikusema kwa sauti, maana wote wawili wangekataa.

Alipomaliza alikaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe. Mama wa Kijapani akasema maneno yake. Taa nyekundu haikuwaka. Kimya.

"Mbona haiwaki?" baba akauliza.

"Imeshawaka, mzee."

Baba akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Nadhani alikuwa akitafuta mtetemo. Baadaye aliuliza bei ya glovu zile.

Mkataba tuliusaini wa miaka 3, si 5. Mwenye kiwanja hakufurahi, tukaongeza kodi kidogo. Mdogo wangu aliomba kipengele kimoja kiandikwe: kwamba ana ruhusa ya kuvuta umeme wa fezi tatu kwa gharama zake. Baba, aliyekuwa shahidi, alisoma hapo mara mbili, akavua miwani.

"Wa nini huu, wa kuchomelea?"

"Na wa kuchomelea," mdogo wangu akasema, akamsogezea kalamu.