Jibu Nililompa Mwanachuo

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi wa somo la Siasa katika chuo kimoja cha ualimu. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai, na sukari ilikuwa habari ya kusimuliana. Tangu Machi redio ilikuwa ikitangaza msako wa wahujumu uchumi, nami niliwaeleza wanachuo wangu maana ya msako ule kwa moyo mmoja, kwani majani ya mpapai yalikuwa yamenichosha.

Kijana mmoja mpole, aliyependa kukaa nyuma, akanyoosha mkono. “Samahani, Mwalimu. Watu wamekamatwa kwanza, sheria imetungwa baadaye. Siku ile walipokamatwa walikuwa wamevunja sheria gani?”

Nilimjibu kwamba mambo ya nchi ni magumu, kwamba wapo wanaoyajua kwa undani kuliko yeye, na kwamba aangalie asije akawa na kasumba. Darasa likacheka. Akaketi.

Ugumu ulikuwapo, wala sitaukana leo. Tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina haikuwa na fedha za kigeni, na walanguzi walikuwapo kweli. Marehemu Sokoine, aliyeongoza msako ule, alikuwa mtu mwadilifu. Lakini sheria ile ilirudi nyuma kuwafunika waliokwisha kukamatwa, ikaunda baraza maalumu la kuwahukumu, ikakataza mawakili, ikanyima dhamana. Nimejiuliza mara nyingi: uhaba wa sabuni ulihitajije mtu anyimwe wakili? Mwaka uliofuata, 1984, ilifutwa na kuwekwa nyingine iliyorudisha mawakili, na nchi haikuanguka.

Mwenyewe nilikuwa nikifundisha, kwa fahari, kesi ya 1958. Serikali ya kikoloni ilimshtaki Mwalimu Nyerere kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika gazeti. Alisomewa shtaka, akatetewa na mawakili, akahukumiwa hadharani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Sisemi kwamba Waingereza walikuwa wema. Tangu 1921 walikuwa na sheria ya kumhamisha mtu kwao bila kesi. Na walipodaiwa nchi, jibu lao lilikuwa lilelile nililompa yule kijana: mambo ni magumu, bado hamjawa tayari. TANU iliwajibu kwa neno moja, Uhuru, na mkulima asiyejua kusoma alilielewa bila mkufunzi.

Kisha sisi wenyewe tukalirithi jibu la Waingereza. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, kwa hoja kwamba nchi ni changa na ina maadui. Wapo wanaoitetea kwa kutaja maasi ya wanajeshi. Maasi yale yalitokea Januari 1964. Dawa ilinunuliwa kabla ya ugonjwa. Haki za raia nazo hazikuwekwa kama sheria katika katiba ya Uhuru, wala ya 1965, wala ya 1977, kwa kuwa, tuliambiwa, zingeifunga mikono serikali yenye haraka ya kuleta maendeleo. Ziliingia kwa marekebisho ya 1984. Hata hapo mahakama ziliambiwa zisizitumie kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, ili serikali ipate nafasi ya kuzitazama sheria zake. Raia alipewa haki, akaambiwa asubiri kuidai.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wangu. Katika mtihani wa mwisho alikuwa ameandika swali lake tena, safari hii kwa heshima kubwa na kwa hati nzuri, nami nilimpa alama 8 kati ya 20. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: “Hujaelewa mazingira.”

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mwalimu mkuu, nilikutana naye katika kituo cha basi. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Alinipa shikamoo, akanibebea mzigo hadi ndani ya basi, akanitafutia kiti cha dirishani. Tukaulizana habari za watoto na za mvua. Basi likaondoka kabla sijamwambia lolote kuhusu ule mtihani.