Anayekataa Kupigwa Picha

Wako wapiga picha wanaoamini kwamba mtu akishatoka barabarani ameshatoa ruhusa. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwakataza wanachuo kuniletea picha za sokoni zilizopigwa kwa kuvizia. Sababu zangu zimo katika historia.

Zamani kamera ilikuwa kubwa, ikisimama juu ya miguu mitatu, na mpigwa picha alitakiwa atulie. Asiyetaka aliondoka tu. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza Kodak, kamera ya mkononi yenye filamu ya picha 100. Tangu hapo mpita njia aliweza kupigwa picha bila habari. Malalamiko hayakuchelewa: mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala ya kutetea faragha ya mtu, na picha za papo kwa papo walizitaja miongoni mwa sababu.

Baadhi ya mabingwa walikwepa pingamizi kwa hila. Mnamo 1916, huko New York, Paul Strand alitumia lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera ili watu wadhani ameelekea kwingine. Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, aliificha kamera ndani ya koti akawapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi.

Dorothea Lange hakujificha. Machi 1936, huko Nipomo, California, alimwendea mama fukara aliyekuwa hemani na wanawe, akapiga picha iliyojulikana dunia nzima. Lakini hakumwuliza jina. Mwaka 1978 mama huyo, Florence Owens Thompson, alijitokeza kulalamika kwamba picha ile haikumfaidia kitu. Pingamizi lake lilingoja miaka 42.

Kwa hiyo niliwaambia wanachuo: jitambulisheni, elezeni picha itakwenda wapi, kisha ngojeni jibu. Mtu akikataa, shusheni kamera, mshukuruni, msibishane naye. Mama mmoja muuza samaki aliukatalia uso wake, akaruhusu biashara yake. Walirudi na picha ya mizani, samaki na mikono yake, nasi tukaitumia darasani miaka mingi.

Hiari yashinda utumwa, hata mbele ya kamera.