Kipimo cha interferoni: Damu inavyofichua kifua kikuu kilichojificha

Mtu aweza kubeba bakteria wa kifua kikuu kwa miaka mingi bila kukohoa wala kudhoofika. Njia mojawapo ya kugundua maambukizi hayo fiche ni kupima interferoni gama, protini ambayo chembe nyeupe za damu huitoa ili kupashana habari adui anapoingia mwilini.

Kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe. Damu hutiwa katika mirija yenye protini zake, kisha hutunzwa katika joto la nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24. Chembe zilizowahi kukutana na adui huyo humtambua na kutoa interferoni kwa wingi.

Hapo huanza kazi ya elisa, mbinu iliyobuniwa Uswidi na Uholanzi mwaka 1971. Kingamwili zilizobandikwa katika vishimo vya sahani ya plastiki huinasa interferoni. Kingamwili nyingine, zilizounganishwa na kimeng'enya, huishika upande wa pili. Mabaki huoshwa, kemikali hutiwa na rangi hutokea. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo interferoni ilivyo nyingi.

Protini zinazotumika hazimo katika chanjo ya BCG ambayo watoto wa Kenya hupewa, hivyo chanjo haivurugi majibu. Kipimo cha ngozi chaweza kuvurugwa nayo, na tena humlazimu mtu kurejea baada ya saa 48 hadi 72. Kwa mfugaji wa Elwak, Kaunti ya Mandera, anayefuata malisho, miadi hiyo ni migumu kutimiza.

Hata hivyo, kipimo cha damu nacho kina masharti. Kwa utaratibu wa kawaida, mirija hutakiwa kuingia katika mashine ya joto ndani ya saa 16 tangu damu itolewe. Elwak iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi, na jua la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30. Chembe zikidhoofika njiani hutoa interferoni kidogo. Kwa sababu hiyo huwekwa mrija mmoja wenye kichochezi cha jumla. Chembe zisipoitikia hata hapo, majibu hayategemewi na damu hutolewa upya.

Aidha, jibu chanya halimaanishi kwamba mtu anaugua. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi hupimwa makohozi. Asiye na dalili, daktari akijiridhisha, aweza kupewa dawa za kuzuia ugonjwa usiamke.