Muziki wa Katavi

Muziki wa Katavi ni muziki wa ngoma, kwaya, dansi na kizazi kipya unaotungwa na kuchezwa katika Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Mkoa huo ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Sehemu kubwa ya watunzi wake ni watu wa jamii zilizofika kwa kufuata reli, machimbo, malisho au kwa kukimbia vita. Kwa hiyo muziki wa mkoa una lugha nyingi, na kwa kawaida huchezwa uwanjani na kanisani zaidi kuliko ukumbini.

Wenyeji wa awali

Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Watongwe na Warungwa wana ngoma za matambiko, mavuno na uwindaji. Jina la mkoa linatokana na Katabi, mzimu wa mwindaji anayeaminika kukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi.

Reli na dansi

Tawi la reli ya kati kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi. Machimbo hayo yalivuta vibarua wa makabila mbalimbali, na Mpanda ikawa mji wa kambi, maduka na vilabu vya pombe. Yalipofungwa karibu na uhuru, reli ilibaki.

Kimuziki, reli hiyo iliiweka Mpanda chini ya kivuli cha Tabora, mji uliotoa bendi mashuhuri za Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma na mtunzi wa "Dada Asha", alijijengea jina akiwa na Tabora Jazz.

Ngoma za Wasukuma

Wafugaji na wakulima wa Kisukuma walianza kuhamia kwa wingi katika bonde la Rukwa na maeneo ya Mpanda miaka ya 1970, wakitafuta malisho na ardhi. Walikuja na utaratibu kamili wa utunzi. Mtunzi na kiongozi wa nyimbo, *ningi*, hutunga mashairi ya kusifu, kukejeli, kuonya na kutoa habari, naye hufuatwa na kundi la wachezaji wanaomtii kama askari. Bugobogobo, ngoma ya majembe na magoma makubwa, ilitokana na vikundi vya kulimiana mashamba. Wigashe huimbwa watu wakiwa wameketi.

Upinzani maarufu zaidi ni ule wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, unaohusishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Kwa sababu hiyo kila kundi hubuni vituko, huvaa mavazi ya kushangaza na hutafuta dawa ya mvuto. Msimu wake ni baada ya mavuno, ghala likiwa limejaa. Nyimbo za kazi za Wasukuma zimechambuliwa kwa kina na mtafiti wa muziki Mmarekani Frank Gunderson katika kitabu chake cha mwaka 2010.

Ngoma ya simba

Katika eneo la Mpimbwe na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi (iliyotangazwa 1974), Msukuma aliyeua simba alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akicheza na kupokea zawadi za fedha na mifugo. Kwa asili, desturi hiyo ilikuwa heshima kwa mtu aliyelinda zizi na watu wake. Utafiti wa Emily Fitzherbert na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa desturi imegeuka: baadhi ya vijana walikuwa wakiwafuata simba wasiodhuru mtu wala mnyama, kwa kuwa zawadi zilikuwa nono. Ngoma ikawa chanzo cha uwindaji.

Mradi wa WASIMA (Watu, Simba na Mazingira), ulioanzishwa na watafiti pamoja na wanakijiji, haukupiga vita ngoma za Wasukuma kwa jumla. Ulishirikiana na sungusungu, chombo cha ulinzi cha Wasukuma wenyewe, kuweka kanuni za kuwanyima zawadi wachezaji wasio na sababu halali ya kuua. Ni nadra kwa hatima ya mnyama kutegemea kiasi hiki nani anatunzwa kwa kucheza.

Kwaya

Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba (1973) na Mishamo (1978). Makanisa ya Kipentekoste yalikuwa na nguvu miongoni mwao, na kwaya ndiyo iliyokuwa shule ya muziki ya vijana wengi. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, iliyovuma nchini kwa kaseti zake, ilitoka katika makazi ya aina hiyohiyo mkoani Tabora. Zaidi ya watu 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Kwa Wakatoliki, misheni ya Karema (1885) ndiyo kongwe. Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000.

Viwanja na kumbi

Mjini Mpanda, matamasha na mikutano hufanyika katika viwanja vya wazi kama Kashaulili na Azimio. Vijijini kuna minada, harusi na disko vumbi. Baa nyingi hupiga muziki wa DJ.

Hali ya sasa

Idadi ya watu iliongezeka kutoka 564,604 (2012) hadi 1,152,958 (2022), na hadhira imekua pamoja nayo. Wasanii wa kizazi kipya husikika kupitia redio ya Mpanda FM. Nyimbo za Kisukuma huuzwa kwenye memori kadi sokoni.