KUMBE KITI CHA MTOTO CHA GARI HAKIKUANZA KWA AJILI YA USALAMA!

Wengi wanadhani kile kiti cha mtoto cha kwenye gari kilibuniwa kwa sababu ya ajali. Wapi! Miaka ya 1930 huko Marekani vilianza kuuzwa viti vya kumnyanyua mtoto tu, ili aone dirishani na mzazi anayeendesha amchunge asifanye utundu. Baadaye vikaja vya kutundika kwa ndoano kwenye siti ya mbele, vingine vina usukani wa kuchezea, dogo naye anajiona dereva. Breki kali ikipigwa, dogo, kiti na usukani wake vyote vinaruka mbele.

Akili zilianza kuamka miaka ya 1960. Uingereza mwandishi wa habari mmoja, mwanamke, alibuni kiti chenye mikanda ya mabegani. Mmarekani mmoja wa Denver naye akaja na kiti cha fremu ya chuma. Ila noma zaidi ni profesa wa Sweden aliyewaona wanaanga kwenye televisheni wamelalia migongo wakati roketi inapaa. Akajiuliza, kama mgongo mzima unaweza kubeba nguvu ile, kwa nini mtoto asigeuzwe atazame nyuma? Mwaka 1964 sampuli yake ikafanyiwa majaribio.

Serikali zilijivuta. Marekani iliweka kanuni za viti hivi mwaka 1971, lakini jaribio la kukigongesha kiti kama kwenye ajali halikuwa lazima mpaka 1981. Jimbo la Tennessee ndilo la kwanza kuwalazimisha wazazi, mwaka 1978, baada ya daktari mmoja wa watoto kupiga kelele sana. Hata hivyo sheria ikaacha mwanya: mtoto aliruhusiwa kupakatwa. Watetezi wa watoto walikiita kipengele hicho cha kumponda mtoto, maana gari likigonga, mpakataji anamlalia. Kikafutwa baadaye.

Sasa vita yote hiyo imeishia kwenye utepe mwembamba. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 anavuta mkanda kwa nguvu inayofanana na uzito wa zaidi ya kilo 200. Nyuzi zake zimefumwa ili zinyooke kidogo na kupunguza mshtuko huo, bila kukatika.

Halafu mtu anaumwagia jiki! Ndiyo, uji umemwagika, mtoto kacheua, harufu inakera. Lakini kuloweka, jiki, sabuni kali, mashine ya kufulia na pasi vinaweza kuchosha nyuzi, na jicho halioni chochote. Mkanda unang'aa kama mpya huku nguvu imepungua. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanasisitiza kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo, unafuta palepale, unafuta tena kwa maji matupu, kisha unauacha ukauke kivulini. Kitambaa cha kukalia ndicho kinachofuliwa, kama lebo yake inaruhusu.

Kifungio cha katikati kikikwama, mara nyingi ni makombo ya biskuti. Vingi vinasuuzwa kwa maji ya uvuguvugu (soma kwanza kitabu cha maelekezo), unakikung'uta, unakiacha kikauke. Mafuta ya cherehani hapana, yanakusanya vumbi na kifungio kinaweza kufunguka au kukataa kushika.

Mkanda uliochanika nyuzi au kukakamaa haupelekwi kwa fundi cherehani. Unaagizwa mwingine wa kiti hichohicho, kutoka kwa aliyekitengeneza.

Na wadau wa mitumba, hapo ndipo pa kukaza macho. Kiti kilichotakata kupita kiasi kinahitaji maswali: kimeoshwa na nini, kiliwahi kupata ajali? Muuzaji akijibu kwa kubabaika, achana nacho. Vingi vina tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo au kwenye plastiki ya chini au nyuma, na vingine vina hadi mwaka wa mwisho wa kutumika. Kigeuze kabla hujatoa hela.