Tinmel na Ufa Uliogeuka Mlima

Katika miaka ya 1120, Ibn Tumart, mhubiri aliyekosana na watawala wa Marrakech, alijichimbia na wafuasi wake Tinmel, kijiji kilicho kwenye bonde la mto N'Fis, ndani ya milima ya Atlas ya Juu, Moroko. Palikuwa ngome isiyohitaji mjenzi: njia nyembamba, majabali kila upande. Wafuasi hao, walioitwa Muwahidun, walishuka kutoka huko na mwaka 1147 wakaitwaa Marrakech. Wanahistoria huwasifu kwa kuichagua milima ile. Ni nadra kuulizwa kwa nini milima yenyewe ikawa pale.

Swali hilo si la mzaha. Afrika na Ulaya zinasukumana, na mpaka wa msukumano huo uko kaskazini, upande wa Mediterania. Milima kunjamano tungeitarajia huko, na kweli safu ya Rif iko huko. Atlas ya Juu imejitenga, mbali ndani ya bara. Imeota hapo kwa sababu ardhi yake ilikwisha kupasuka zamani.

Miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita, bara kuu la Pangaea lilipoanza kuachana, hapa palifunguka bonde la ufa, kama letu la Afrika Mashariki leo. Kingo zilibaki juu, sakafu ikadidimia. Mito ikaleta mchanga na matope mekundu, maji yaliyokauka yakaacha chumvi, volkano zikamwaga basalti, kisha bahari ikaingia na kulaza chokaa tabaka juu ya tabaka. Lakini bara lilikatikia magharibi, ikazaliwa Atlantiki, na ufa wa Atlas ukabaki kiporo.

Mgandamizo wa Afrika na Ulaya ulipofika, mamilioni mengi ya miaka baadaye, haukuwa na haja ya kuvunja mwamba mzima. Ulizikuta nyufa zimekwisha kuinama, ukazirudisha kinyume: upande ulioshuka ukapandishwa, pengine ukalalia tambarare jirani, huku chumvi na matope yakizitelezesha tabaka za juu. Ushahidi uko wazi. Chokaa hiyo ya bahari, ya kipindi cha Jurasiki, ni nene mno karibu na Imilchil, katikati ya safu. Ukitoka nje, kuelekea Marrakech au Ouarzazate, inapungua au inatoweka kabisa. Sakafu ya jana ndiyo paa la leo. Kwenye bonde la Ourika, mawe mekundu ya enzi ya ufa yanatazama barabara, na nyumba za udongo zimechukua rangi yake.

Tusizidishe, hata hivyo. Toubkal, kilele cha mita 4,167, ni mwamba mkongwe kuliko ufa huo, na kukunjamana peke yake hakuelezi kimo chote cha Atlas. Joto la chini ya gamba la dunia nalo limeiinua.

Msukumo haujakoma. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga milima hii na kuua watu zaidi ya 2,900. Msikiti wa Tinmel, wa karne ya 12, ulikuwa ukikarabatiwa; sehemu kubwa ikaporomoka. Anayepanga kujenga upya vijiji vya N'Fis aanze na ramani ya nyufa za kale, ndipo aje kwenye ramani ya barabara.